Sumaku za diski zilizokufa: je, kuna njia isiyotumia asidi kali?

Fundi wa Katuba: Ndugu zangu, natengeneza kompyuta na redio hapa Lubumbashi, na nimejaza ndoo nzima ya sumaku nilizozitoa kwenye diski na spika zilizokufa. Kijana mmoja ananishauri nizitie katika asidi ya betri ili nipate neodimi, ile metali adimu inayozipa sumaku nguvu. Je, hakuna njia isiyohatarisha visima vya majirani?

Mkemia wa Kampemba: Fundi, asidi hiyo iache. Sumaku za neodimi zina metali adimu kwa takriban asilimia 30 tu, na sehemu kubwa iliyobaki ni chuma, kwa hiyo asidi yako itaishia kuyeyusha chuma kisicho na bei, huku ikitoa gesi ya hidrojeni inayowaka upesi, nawe utabaki na maji machafu usiyo na pa kuyamwaga. Maabara ya Ames, Marekani, ilibuni njia nyingine: sumaku zilizovunjwa huwekwa katika maji yenye chumvi ya shaba, shaba hujitenga ikawa unga, chuma na neodimi huingia majini, kisha asidi oksaliki huitenga neodimi. Sisi wa mji wa shaba hatuwezi kuiona ngeni. Hata hivyo, si kazi ya uani, kwa sababu maji yanayobaki bado yanahitaji kusafishwa.

Mzee wa Karakana: Naongeza jambo moja, mwanangu: usizisage. Mimi niliwahi kuinoa moja kwenye jiwe la umeme, na vumbi lake likawaka mezani kama makaa hadi nikalifukia kwa mchanga. Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, hutumia hidrojeni: gesi inapenya ndani ya sumaku, inaivimbisha, nayo inamomonyoka ikawa unga unaoweza kutengenezwa sumaku mpya bila kutenganisha metali zake, lakini ndani ya chombo kilichofungwa kabisa. Wewe zichambue tu. Zile za diski hung'aa kwa nikeli na zimegandishwa kwenye kibati cha chuma. Zile pete nyeusi za spika kwa kawaida ni feriti, yaani sumaku ya kauri yenye chuma, hazina neodimi. Zilizo nzima ziweke na vipande vya mbao katikati, maana zikirukiana zinabana vidole.

Fundi wa Katuba: Asante, Baba. Nimezichambua usiku huu, na karibu robo tatu ya ndoo ni pete nyeusi.