Mjadala: Bomba la gesi la Dar–Mombasa, sheria ya vali itangulie?

Mwanzisha mada: Mwaka 2021 Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya bomba la gesi asilia kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Kabla halijachimbiwa mtaro, sheria ilazimishe vali, yaani koki kubwa za kukata gesi, zinazofungwa kutoka mbali. San Bruno, California, Septemba 2010: bomba la inchi 30 lilipasuka kwenye mshono wa weldi, wakafa watu 8. Gesi ilikatwa baada ya dakika 95, maana mafundi walizifuata vali kwa gari wazifunge kwa mkono. Januari 2012 Marekani wakapata sheria mpya ya usalama wa mabomba. Sisi je?

Miritini Juu: Vali ikifungwa, gesi iliyobaki kati ya vali mbili bado itatoka na kuwaka. Sheria itaje umbali kati ya vali, la sivyo ni bure. Na hawa wa Changamwe hapa Mombasa wanaolia gesi itatambaa sakafuni, hao wanajua mtungi wa kupikia tu.

Changamwe Damu: Mtungi tu? Tunalala ubavuni mwa matangi ya mafuta miaka yote! Sinai, Nairobi, 2011, petroli ilifuata mtaro mpaka vibandani, wakafa watu zaidi ya mia. Chunga mdomo, ndugu.

Fundi Presha: Jamani. Gesi ya mtungi ni nzito, hulala chini. Gesi asilia karibu yote ni methani, nyepesi, hupanda. Lakini ikivuja chini ya lami haina pa kupandia: hufuata mtaro wa nyaya au bomba la majitaka hadi iibukie chooni kwa mtu. Changamwe hajakosea kuogopa.

Miritini Juu: Si atainusa?

Fundi Presha: Haina harufu yake. Hutiwa dawa ya kuipa harufu, na mabomba makubwa ya masafa marefu mara nyingi hayatiwi. Tena udongo hunyonya ile dawa njiani. Methani hulipuka ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa. Marekani kanuni yataka mtu aweze kuinusa ikifika asilimia 1.

Changamwe Damu: Basi dawa itiwe tangu mpakani! Nani atakuja kupima mitaani kwetu?

Mwanzisha mada: Nimeuliza vali, jamani.

Kijiko wa Likoni: Vali baadaye. Tingatinga likikwaruza bomba, rangi ya kinga hutoka, dereva anafukia kimya, kutu inaanza. Adhabu iwe kwa anayefukia bila kuripoti. Karibu na bomba ni jembe na sepetu, si mashine.

Changamwe Damu: Miritini, bado nangoja uniombe radhi.