Mjadala: Je, Lady Gregory aliuza uhuru wa jumba la Abbey?

Mada: Mwaka 1925 serikali changa ya Ireland ilianza kulipa ruzuku ya pauni 850 kwa Abbey, jumba la tamthilia la Dublin aliloliasisi mwandishi Lady Gregory pamoja na mshairi W. B. Yeats. Walikosea kuipokea?

Mchangiaji wa kwanza: Walikosea. Fedha ile ilikuja na mtu wake. Serikali ilimweka George O'Brien, mwanauchumi, kwenye bodi, na mwaka uleule akataka tamthilia ya Sean O'Casey, The Plough and the Stars, ipunguzwe makali, kahaba wa sehemu ya pili akiwa kero yake kubwa. Mlipaji akishapewa kiti, ataomba na muswada wa tamthilia.

Mchangiaji wa pili: Na alijibiwaje? Gregory alishikilia kwamba kati ya ruzuku na uhuru, wao watachagua uhuru. Februari 1926 tamthilia ilichezwa, vurugu zikazuka ukumbini, ikaendelea kuchezwa. Linganisha na mfadhili wa kwanza, Annie Horniman, tajiri Mwingereza wa biashara ya chai. Mwaka 1904 aligharamia jengo, kisha akakataza viti vya peni sita. Cha chini kikawa shilingi moja, yaani mara mbili, na mfanyakazi wa Dublin akabaki nje. Mei 1910, Mfalme Edward wa Saba alipofariki, Abbey haikufunga milango. Horniman akaja juu na ufadhili wake ukaishia hapo. Huyo hakuwa na bunge la kumhoji. Mimi naona ruzuku ilikuwa bwana mwepesi zaidi.

Mchangiaji wa kwanza: Mwepesi mwanzoni tu. Ernest Blythe, waziri wa fedha aliyeitoa ruzuku hiyo, aliingia kwenye bodi mwaka 1935, akaliongoza jumba kuanzia 1941 hadi 1967, na kujua Kiairishi kukawa sharti kwa waigizaji wapya. Gregory alikuwa amefariki mwaka 1932, hakuwepo wa kumzuia.

Mchangiaji wa tatu: Hapo ndipo penye kasoro, wala si kwenye pauni 850. Ulinzi wote ulitegemea ukaidi wa watu wawili, hasa baada ya J. M. Synge, mkurugenzi wa tatu, kufariki mwaka 1909. Kiti cha serikali kilihitaji mipaka ya maandishi: akague hesabu, asiguse mistari. Pia tusisahau kwamba mwaka 1924 Gregory na Yeats walijitolea kuikabidhi serikali Abbey nzima. Serikali haikuichukua, ikatoa ruzuku.