Askofu Mkuu Williams na sharia Uingereza: alikosea au alisingiziwa?

Mlei wa Mbeya
Wakuu, la mwaka 2008 bado linanikera. Rowan Williams, wakati huo Askofu Mkuu wa Canterbury, yaani kiongozi wa Kanisa la Anglikana Uingereza, aliiambia redio ya BBC kwamba baadhi ya mambo ya sharia kutambuliwa Uingereza ni jambo lisiloepukika. Mwezi mmoja tu nyuma, Nazir-Ali, askofu wa Rochester mzaliwa wa Karachi, alikuwa ameonya juu ya mitaa isiyoingilika kwa asiye Mwislamu. Akatishiwa maisha. Mwenzako anatishiwa, wewe unalegeza kamba? Kiongozi wa kanisa anatetea sheria ya dini nyingine kwa lipi?

Kijana wa Likoni
Hotuba yake ya siku hiyo hukuisoma. Alizungumzia ugomvi wa ndoa na mambo ya fedha, na zile adhabu kali alizikataa kwa kinywa chake. Wayahudi wana Beth Din, baraza lao la dini la kuamua kesi, hapo London miaka mingi. Pande mbili zikikubaliana kwa maandishi, uamuzi wa fedha unashika kwa Sheria ya Usuluhishi ya 1996. Hilo halikukeri? Nyinyi mkisikia sharia mnaona mikono inakatwa.

Mlei wa Mbeya
"Nyinyi" ni akina nani? Nimekua na Waislamu, Idd nakula kwao. Usinibandike chuki. Hata Carey, aliyemtangulia Williams kwenye kiti kile, alimpinga. Jimbo la Ontario, Kanada, nao 2005 walikataa usuluhishi wa dini zote usiwe na nguvu ya kisheria kwenye mambo ya familia, ukiwemo wa Wayahudi.

Mama Neema
Na wanawake wa Kiislamu wenyewe hawayaombi haya. Wanaburutwa tu, haki zao hawazijui.

Bint Seif, Leicester
Dada, hapo umenigusa pabaya. Mimi niliolewa hapa Uingereza, sebuleni kwa shangazi. Mahari ikatajwa, mashahidi wakaitika, pilau likaliwa. Habari ya msajili wa serikali hakuna aliyeitaja. Mume alipoondoka, wakili akaniambia mbele ya sheria sikuwa mke, hivyo jaji hana ndoa ya kuvunja. Talaka mume hataki kutoa. Ningekwenda wapi? Nikaenda baraza la sharia kuomba fasakhi, yaani ndoa ivunjwe bila mume kutoa talaka. Masheikh watatu, na swali lao la kwanza: umesubiri vya kutosha? Nikajibu kila swali, karatasi yangu nikaipata. Haki zangu nazijua kuliko wewe unayenihurumia.

Mama Neema
Pole mwenzangu. Lakini hilo la "umesubiri" ndilo ninalolipigia kelele.

Bint Seif, Leicester
Lipigie kelele kwa jina lako, mimi usinifanye bango. Wewe unataka baraza lifungwe, na likifungwa nabaki nimefungwa mimi. Ninachotaka ni imamu asisome hutuba ya ndoa kabla hajaona cheti cha msajili. Kamati iliyoteuliwa na serikali ilipendekeza karibu hivyohivyo 2018: ndoa isajiliwe kabla ya nikahi au siku hiyohiyo. Hao maaskofu mnaogombania, yupi alilisema hilo?

Wakili wa Mtaani
Kwetu Kenya kadhi yumo kwenye katiba, kifungu cha 170: ndoa, talaka na mirathi, wahusika wote wawe Waislamu na wakubali kwenda kwake. Usiporidhika, unakata rufaa Mahakama Kuu. Baraza la Leicester si mahakama. Mnachanganya vitu viwili.

Kijana wa Likoni
Na maaskofu wenu 2010 walizunguka nchi nzima wakipiga kampeni ya La kwenye kura ya maoni ya katiba kwa sababu ya huyo kadhi, ambaye pwani alikuwepo kabla ya Kenya yenyewe. Katiba ikapita kwa asilimia 67 hivi. Hilo sijalisahau.

Wakili wa Mtaani
"Wenu" tena! Mimi Mkatoliki, na nilipiga Ndiyo. Walikuwa na hoja ya utoaji mimba pia, usiifiche.

Mlei wa Mbeya
Jamani, mimi nimeuliza habari ya Williams.

Mama Neema
Bint Seif, nijibu moja: huyo mume alilipa chochote?

Bint Seif, Leicester
Nyumba ilikuwa kwa jina lake. Nilichotoka nacho ni mahari. Na 2020 Mahakama ya Rufaa hapa ilishikilia palepale, kwamba nikahi isiyosajiliwa haimpi mke haki ya kudai mgawo wa ndoa. Wakili, kama kuna mlango mwingine wa kuidai ile nyumba, hapo ndipo nataka unisaidie.