Mbu wa mikorosho: lambda, imidaklopridi au majimoto? Ipi inatubakizia nyuki?

Binti wa Newala
Wakuu, habari za majukumu. Mikorosho yetu imechipua na mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, ameshaingia. Machipukizi yanakauka na kuwa meusi utadhani yamepitiwa na moto. Muuza pembejeo kanishauri nichanganye lambda-sihalotrini (dawa ya wadudu, lambda kwa kifupi) na dawa ya maji ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, kwenye bomba moja, nimalize kazi mara moja. Jirani anasifu imidaklopridi, dawa nyingine ya wadudu, kwa kuwa inadumu mtini. Baba anataka turudishe majimoto, wale sisimizi wa mtini wanaowinda wadudu, kama zamani. Hofu yangu ni nyuki na wadudu wengine wema. Ipi ina nafuu kwao na bado inanipa korosho?

Mfuga Nyuki Nachingwea
Dada, umeuliza jambo ambalo wengi hulisahau hadi msimu umeharibika. Chavua ya mkorosho inanata, upepo hauibebi vizuri, kwa hiyo kazi ni ya nyuki, nzi na wadudu wengine. Kwenye shada moja maua mengi ni ya kiume tu. Yanayoweza kuzaa ni machache, na mengi hufunguka kuanzia kama saa nne asubuhi kuelekea adhuhuri, muda ambao nyuki wamejaa juu. Ukipulizia lambda hapo, mbu na mchavushaji wanakwenda pamoja.

Imidaklopridi naiogopa zaidi. Inaingia ndani ya mti na kupanda hadi kwenye nekta na chavua, hata kama ulipulizia ua likiwa halijafunguka. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mashambani mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki. Mimi ningeitoa kwenye orodha kabla hata hatujaongelea bei.

Mkulima Tandahimba
Hayo ya nyuki nayaheshimu, lakini mbu asipodhibitiwa hakuna shada la kuchavushwa. Lambda ni bei nafuu na mbu anaanguka siku hiyohiyo. Mimi napuliza kila ninapopuliza salfa, ile dawa ya ubwiri unga, sisubiri kuona dalili. Sisi tunaangalia mnada, hatuna mizinga ya kutufariji.

Bwana Shamba Ruangwa
Kaka Tandahimba, hapo kwenye "kila ninapopuliza salfa" ndipo tatizo lilipo. Ubwiri unga ni ukungu, mbu ni mdudu. Ratiba zao hazifanani.

Salfa ya unga inapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado majani yanaishika na upepo umetulia. Nyuki hawajatoka, na hata wakiikuta baadaye haiwadhuru kama sumu ya wadudu. Haina maana kwamba haina gharama: ikizidi inaumiza utitiri wale wanaokula utitiri waharibifu, pamoja na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya wadudu wengine, na miaka ikienda inaongeza tindikali kwenye udongo.

Dawa za maji za ubwiri zilizo nyingi ni za kundi la dawa za ukungu liitwalo triazole. Zenyewe nyuki anazivumilia. Zikichanganywa na lambda hali inabadilika, kwa sababu zinazuia vimeng'enya ambavyo nyuki hutumia kuvunja ile sumu mwilini, na lambda inakuwa kali kwake kuliko ilivyokuwa peke yake. Binti, ule mchanganyiko wa bomba moja usiufanye wakati wa maua.

Halafu mbu anataga mayai ndani ya chipukizi laini, dawa haiyafikii. Yakianguliwa, vitoto vinakuta buibui, vunjajungu na majimoto wameshakufa kwa dawa uliyopuliza, vinakula bila adui. Ndiyo maana anayepuliza kwa kalenda analazimika kurudia na kurudia. Kagua kila wiki, hasa majani machanga. Puliza ile miti iliyoshambuliwa tu, ikibidi kabla maua hayajafunguka. Yakishafunguka, puliza jioni nyuki wamerudi mizingani.

Mzee wa Mchauru
Mwanangu, baba yako yuko sahihi. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wameshapima: mikorosho yenye majimoto wengi inaharibiwa kidogo na mbu wa mikorosho, na pia mbu wa minazi yule anayetia madoa kwenye punje. Wanazunguka mti mchana na usiku bila kununuliwa.

Ila wana masharti. Ukihamisha viota, vyote vitoke kundi moja na malkia awemo. Makundi mawili yakikutana yatauana. Funga kamba kati ya mti na mti wapite. Wale sisimizi wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa ni adui zao, wakitawala chini ya mti majimoto hawakai. Majimoto pia huwalinda vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza mti, ili wale utamu wao, kwa hiyo kagua. Na lambda haikai nao mti mmoja. Chagua.

Binti wa Newala
Shikamoo mzee. Asante sana. Wavunaji je? Wanawaogopa mno.

Mzee wa Mchauru
Marahaba. Korosho tunaokota chini ikishaanguka na bibo lake, hatupandi kuichuma kama embe. Taabu ni wakati wa kupogolea. Jipake jivu mikononi na miguuni, na ufanye kazi hiyo baada ya mavuno.

Mkulima Tandahimba
Bwana Shamba, nikigawa shamba, sehemu moja majimoto na nyingine niendelee na lambda kwa kukagua, dawa si itapeperuka huko?

Bwana Shamba Ruangwa
Itapeperuka usipopanga. Wakati wa maua huku kwetu ni kusi, upepo wa kutoka kusini, inayovuma, kwa hiyo majimoto waweke upande wa kusini wa shamba na dawa ipigwe kaskazini. Katikati acha safu mbili au tatu usizopuliza kabisa. Na kamba za majimoto ziishie kabla ya safu hizo.