Naomba ushauri: wanahistoria wanapingana, nimfuate nani?

Wakuu, habarini. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu vita vya msituni, na sura moja ni ya Ayalandi. Nimekwama Kilmichael, kaunti ya Cork.

Kwamba Novemba 28, 1920 kikosi cha IRA (jeshi la wapigania uhuru wa Ayalandi) chini ya Tom Barry kilivizia malori mawili ya polisi wasaidizi wa Waingereza, hilo halina ubishi. Kasheshe ni dakika za mwisho. Barry aliandika kwamba polisi hao walijifanya kusalimu amri, wakafyatua tena risasi, ndipo akaamuru mapigano yaendelee hadi wote waishe. Mwaka 1998 Peter Hart, mwanahistoria wa Kanada, akasema hila hiyo ni ya kutunga. Sehemu ya ushahidi wake ni mahojiano na wapiganaji wazee ambao hakuwataja majina. Wakosoaji wakakaa na tarehe za vifo, wakauliza: mmoja wa wazee hao alihojiwa lini, na wenzake wote walishazikwa? (Nilivyosoma hapo niliweka kalamu chini kabisa.)

Nikakimbilia maelezo ya wapiganaji yaliyofunguliwa kwa umma Dublin mwaka 2003. Nayo hayasemi kitu kimoja, na mengi yalichukuliwa zaidi ya miaka ishirini na mitano baada ya tukio.

Msimamizi wangu kajibu kwa ufupi: "Chagua upande." Mimi naona bora niweke pande zote wazi. Waliowahi kuandika historia yenye mgogoro, mlifanyaje? Na shahidi asiye na jina mnamnukuu vipi, au mnamwacha kabisa?