Mzaha wa Mpwani na mnazi: niugeuze vipi?

Jamani, naomba ushauri. Mimi huchekesha harusini hapa Mombasa. Nina mzaha wa zamani: Mpwani kalala chini ya mnazi, angoja upepo umwangushie dafu. Juzi Kisauni mzee mmoja hakucheka. Akaniita kando, akanifunulia viganja, sugu tupu, kifua kimechunika kwa magome. "Mwanangu, hilo dafu huangua nani?" Iliniuma. Na makuli wa mji huu ndio waliogoma mwaka 1947 bandari ikasimama. Uvivu uko wapi?

Nimejaribu kuugeuza: mkwezi yuko juu kazini, anayelala ni mgeni wa bara. Lakini hapo si nimehamisha tusi tu? Nimpe huyo mlalaji jina na kisa chake, kabila lisitajwe, au niuache kabisa?