Ziara ya mafunzo Roma: tumelipa mamilioni kwenda kuangalia ukuta wa nje!

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie. Nimekaa na hasira hizi wiki nzima.

Nasoma historia na akiolojia. Chuo sikitaji, cheti bado sijakishika mkononi. Wakala wa safari naye simtaji. Tulikwenda watu 22, kila mmoja kalipa milioni sita na laki nane: viza, ndege, malazi "na viingilio vyote". Hayo maneno ya mwisho yashikeni vizuri. Mama yangu alikopa VICOBA ili niende, na marejesho yameshaanza.

Siku ya kwanza, Colosseum, ule uwanja mkubwa wa maonyesho wa Warumi wa kale. Tiketi za pale siku hizi zinaandikwa jina la mtu, na jina lazima lifanane na la kwenye kitambulisho. Sasa mtaalamu wetu majina kayatoa wapi? Kwenye grupu la WhatsApp! Kuna tiketi imeandikwa "Mama Junior". Nyingine "Chief wa Kibosho". Mimi niliingizwa kwa jina la utani la tangu sekondari ambalo hata hapa siliandiki. Walinzi wakaangalia pasipoti, wakaangalia tiketi, wakatusogeza pembeni kwa adabu zote. Waliopita ni saba tu, wale wasio na mbwembwe kwenye majina yao. Tukasema basi tununuliwe upya, yuro 18 kwa kichwa. Jibu: "bajeti hairuhusu". Na tiketi za siku ile zilikuwa zimeshakwisha hata hivyo.

Kwa muda wa saa mbili nimezunguka nje kama mlinzi wa zamu. Matundu yale yaliyotapakaa kwenye mawe nimeyachunguza moja moja. Ni sehemu ambazo watu wa Zama za Kati walichimba kutoa vyuma vilivyokuwa vinashikanisha mawe. Upande wa kusini ukuta wa nje haupo kabisa, uliporomoka kwenye tetemeko la 1349, mawe yakaenda kujengea majumba ya mjini. Lakini kilichoniuma zaidi ni namba za Kirumi zilizochongwa juu ya milango. Zamani mtazamaji alijua mlango wake kwa namba, anaingia, anakaa. Jengo limezinduliwa mwaka 80 baada ya Kristo, makumi ya maelfu ya watu wanaingia bila vurugu. Sisi 22, na simu janja mkononi, tumeshindwa.

Tiketi ndiyo hiyo hiyo inayokuingiza Forum, yale magofu ya katikati ya Roma ya kale, kwa hiyo na huko hatukuingia. Tukapandishwa kilima cha Capitolino tuchungulie kwa juu. Pale chini kabisa ya macho yetu kuna tao la mfalme wa Roma Septimius Severus, la mwaka 203. Mwongozaji anasema: "Hili ni tao la ushindi, pigeni picha twende." Twende wapi, mzee? Huyo mfalme kazaliwa Leptis Magna, Libya ya leo! Umeleta Waafrika 22 mbele ya tao la mfalme aliyezaliwa Afrika, hilo hulisemi? Na jina la mwanawe Geta lilifutwa kwenye maandishi yale baada ya kaka yake Caracalla kumuua, maneno mengine yakachongwa juu yake, ila vitundu vya herufi za shaba za mwanzo vimebaki. Hivyo ndivyo nilivyotaka kuviona kwa karibu.

Ostia Antica sasa, magofu ya mji wa bandari wa Roma ya kale, ndiyo iliyonitoa nyumbani. Tasnifu yangu ni biashara ya Roma na Afrika, na kule bandarini kuna uwanja wenye mozaiki, yaani picha zilizopangwa kwa vijiwe vidogo sakafuni, mbele ya ofisi za wafanyabiashara. Ya watu wa Sabratha, mji mwingine wa Libya ya leo, ina tembo. Tembo, wakuu! Tukapanda treni kituo cha Porta San Paolo kama nusu saa, tukafika, geti lina kufuli. Ilikuwa Jumatatu. Ostia Jumatatu hawafungui. Nimeona miti ya misonobari na paka.

Tulichoona kwa ndani ni Pantheon, hekalu la Warumi wa kale, na hiyo kila mtu katoa yuro 5 zake mfukoni. Kusema kweli pale hasira iliniisha kwa muda. Mvua ilikuwa inanyesha, inaingia kwenye lile tundu la katikati ya kuba, inadondoka sakafuni na kupotelea kwenye vitundu vya kupitishia maji. Kuba lina upana wa mita 43 na kidogo, na kutoka sakafuni hadi juu ni hizo hizo. Zege tupu, halina nondo. Nikiwa nimeinua shingo hivyo, nasikia naitwa: basi linaondoka. Kwenda wapi? Madukani nje ya mji, saa nne nzima! Muda wa viatu na mikoba ulipatikana.

Jana nimelalamika kwenye grupu, wakala kanitumia video ya Colosseum ya mtu mwingine kabisa. "Dogo, humu kuna kila kitu, tumia hii kwa ripoti." Dokta anayetusimamia kaweka kidole gumba.

Wanasheria wa humu, naweza kudai hela za viingilio? Risiti ninayo, na hilo neno "vyote" limeandikwa. Na kama kuna aliyepiga picha za zile mozaiki za Ostia anitumie inbox, ripoti inatakiwa Ijumaa.